Kabla ya Kuhamia Programu Huria, Mtaje Mtunzaji

Bajeti ya mwaka inapoandaliwa, wakurugenzi wa kampuni za kati hapa Dar es Salaam huniuliza swali lile lile: tukihamia programu huria, tutaokoa shilingi ngapi? Kazi yangu ni kutunza mifumo ya kompyuta ya kampuni kama hizo, na programu huria nazipenda kwa dhati. Kwa sababu hiyo hiyo nawaomba waanze na swali jingine: nani atazitunza?

Leseni hailipiwi, ni kweli. Lakini kuhamisha kumbukumbu kuna gharama, kufundisha wafanyakazi kuna gharama, na seva ikizimika usiku lazima awepo wa kuamka.

Mkurugenzi mmoja wa duka la jumla la vifaa vya ujenzi alitaka kompyuta zake zote ziachane na Microsoft Office, zihamie programu huria ya LibreOffice kwa wikendi moja. Nilimwomba kwanza tukakae na karani wa stoo. Karani alikuwa na faili moja la Excel: akishajaza idadi ya mabati yanayotoka, anabonyeza kitufe kilichotengenezwa kwa makro, hesabu ya stoo inapungua na hati ya kupakia mzigo inachapwa. Tulipolifungua faili hilo kwa LibreOffice, namba zote zilikuwepo ila kitufe kiligoma. Na bila hati hiyo, hakuna lori linalotoka getini.

Tukakubaliana mapokezi na mauzo, ambao kazi yao kubwa ni barua na proforma, watangulie. Stoo ikabaki ilivyo mpaka ipate mfumo unaofaa. Sehemu ya fedha iliyookolewa kwenye leseni ikamsomesha kijana wa ofisini kozi ya Linux. Uhamaji wa namna hiyo ndio ninaoutetea.

Wanaosema programu huria haziwezi kubeba kazi nzito waitazame DHIS2, mfumo huria wa takwimu za afya. Ilianzia Chuo Kikuu cha Oslo, na leo wizara za afya za Tanzania, Kenya na nchi nyingine nyingi zinakusanyia takwimu zao humo. Imedumu kwa sababu ina wataalamu wanaoihudumia papa hapa, wakiwemo wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam.

Pasipo na mtu, mambo hugeuka. Desemba 2020 kampuni ya Red Hat ilitangaza kwamba CentOS 8, toleo la Linux la seva lililotarajiwa kuhudumiwa hadi 2029, lingefikia kikomo mwishoni mwa 2021. Kwa kuwa msimbo ulikuwa wazi, wengine waliuendeleza, zikazaliwa Rocky Linux na AlmaLinux. Mwenye mtaalamu alihama kwa mpango; asiye naye alibaki na seva isiyopata masasisho. Desemba 2021 likatangazwa pengo la usalama katika Log4j, kipande kidogo kilichomo ndani ya programu nyingi za Java. Marekebisho yalitolewa haraka, lakini yangemsaidia vipi ambaye hakujua kwamba kipande hicho kimo kwenye mifumo yake?

Kwa hiyo pendekezo la kuhama likifika mezani, bodi idai jina la mtunzaji na la msaidizi wake, na fungu la mafunzo yao. Iulize toleo la mwisho la programu hiyo lilitoka lini, na kama mradi unategemea mtu mmoja au wengi. Ianze na idara moja, na nakala rudufu zijaribiwe kabla ya siku ya kuhama.

Kampuni isiyoweza kumtaja mtunzaji isihame mwaka huu. Imwajiri kwanza, au imfundishe iliye naye. Inayoweza kumtaja haina sababu ya kuendelea kulipia leseni kwenye kila kompyuta inayoandika barua tu. Fedha hiyo iende kwenye mshahara wa Mtanzania anayejua mfumo wake unavyofanya kazi.