UDONGO NAO UHESABIWE

Mchele wa Kyela hauhitaji kupigiwa debe. Wananchi wengi, Bara na Visiwani, wanautambua kwa harufu yake kabla haujapakuliwa. Mpunga huo hulimwa katika tambarare iliyo baina ya milima na Ziwa Nyasa, ambako mito ya Songwe, Kiwira, Mbaka na Lufilyo huteremsha maji na matope. Ndiyo maana kila zinapozungumzwa skimu za umwagiliaji, Kyela hutajwa. Nasi tunaziunga mkono skimu hizo. Lakini ipo hesabu ambayo aghalabu husahauliwa, nayo ni hesabu ya udongo.

Udongo wenye rutuba ni ghala. Ndani yake mna mboji, yaani mabaki ya mimea na mizizi iliyooza, na zaidi ya nusu ya mboji hiyo ni kaboni. Udongo wa dunia nzima umehifadhi kaboni nyingi kuliko ile iliyomo katika hewa na mimea ikijumlishwa pamoja. Mboji ikipungua, ardhi hushindwa kushika maji, mavuno hushuka, na kaboni hupanda angani ikiwa hewa ukaa.

Je, maji ya mfereji huijaza ghala hiyo au huikomba? Inategemea mahali. Katika nchi kame, ambako mboji ni haba, maji huotesha mimea na mizizi mingi, na mara nyingi kaboni ya udongo huongezeka. Lakini maji hayo hayo huviamsha vijidudu vinavyoila mboji. Jambo hili lilichunguzwa hapa hapa Afrika Mashariki: H. F. Birch, mtafiti wa Muguga nchini Kenya, alieleza mwaka 1958 jinsi udongo uliokauka, ukinyweshwa, unavyotoa hewa ukaa kwa wingi na kwa ghafla. Basi kinachobaki ardhini ni ziada ya kile kilichorudishwa juu ya kile kilicholiwa.

Mkoa wa Mbeya wenyewe unatosha kuwa mfano. Katika tambarare ya Usangu mvua ni chache, na shamba kubwa la mpunga la Mbarali lilijengwa huko miaka ya 1970 kwa msaada wa China. Ardhi ya namna hiyo yaweza kufaidika kwa maji. Lakini maji yenyewe yana mipaka, kwani tangu mwaka 1993 Mto Ruaha Mkuu, chini ya Usangu, umekuwa ukikauka nyakati za kiangazi. Kyela ni kinyume chake. Huko mvua hupita milimita 2,000 kwa mwaka katika sehemu nyingi. Mfereji utaleta msimu wa pili wa mpunga, na hilo ni jema. Bali hautaongeza kaboni kwa kiasi kile cha nchi kame. Tena majaruba yanayotuama maji muda mrefu hutoa gesi ya methani, ambayo kilo yake moja huongeza joto la dunia kuliko kilo ya hewa ukaa.

Tunayasema haya kwa kuwa biashara ya kaboni imekwisha ingia nchini, na Serikali iliitungia kanuni mwaka 2022. Mkulima asije akauziwa ahadi iliyopimwa katika udongo wa watu wengine.

Kwa hiyo tunatoa rai. Kwanza, mabua ya mpunga yasichomwe moto. Yarudishwe shambani pamoja na samadi. Pili, mabwana shamba wakieneze kilimo shadidi, ambacho huyapa majaruba vipindi vya kukauka na kupunguza methani. Tatu, Tume ya Taifa ya Umwagiliaji, iliyowekwa na sheria ya mwaka 2013, ipime mboji kabla mfereji haujachimbwa, na ipime tena baada ya misimu kadhaa. Ndugu zetu wa Visiwani, wenye mabonde ya mpunga kama Cheju, nao wadai kipimo cha udongo wao wenyewe.

Mwaka 1972, huko Iringa, TANU ilitangaza kwamba Siasa ni Kilimo. Kilimo hakianzi na mfereji, huanza na udongo. Udongo ni amana, na aliyekabidhiwa amana hudaiwa hesabu. Kiongozi atakayetuletea idadi ya magunia peke yake, atakuwa ameleta nusu ya hesabu.