Mvua ikishapita, Makoongwe ipige hesabu

Kila mwaka, kabla ya Machi kuingia, Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania (TMA) hutoa mwelekeo wa mvua za masika. Wakulima wa Pemba huusikia redioni, siku hizi pia kwenye simu, na wengi huufanyia kazi kwa kiasi fulani. Wapo wanaoharakisha kulima mabonde ya mpunga, na wapo wanaoziba paa la banda la kuhifadhia mazao. Kisha masika hupita, Juni ikafika, kusi likavuma, na habari ya utabiri ikasahaulika mpaka Februari nyingine.

Hapo ndipo penye kasoro. Watu wanausikiliza utabiri unapotolewa, lakini hakuna anayerudi nyuma kuutazama baada ya mvua kwisha. Kwa mkazi wa Makoongwe, kisiwa kidogo kilicho mbele ya bandari ya Mkoani, jambo hili ni la fedha. Unga, sukari, saruji na mafuta ya taa huvushwa kwa chombo, na samaki wanaokwenda sokoni huvushwa vilevile. Siku moja ya bahari mbaya ni siku ya biashara iliyokufa, na ikikosewa inaweza kuwa mzigo uliolowa wote.

Tuchukue mfano wa Mei 2024. TMA ilitoa maonyo mapema kuhusu kimbunga Hidaya, na mikoa yote ya pwani pamoja na visiwa iliambiwa ijihadhari. Safari za boti kati ya Dar es Salaam na Unguja zilisimamishwa. Kimbunga kikafika Mafia Mei 4, na mvua zake zikakata barabara ya Dar es Salaam na Lindi eneo la Somanga. Pemba haikupigwa kama ilivyopigwa Mafia. Miaka 3 kabla yake, Aprili 2021, kimbunga Jobo kilitarajiwa kufika pwani karibu na Dar es Salaam, lakini kilidhoofika baharini kabla ya kugusa nchi kavu. Aprili 2019 watu wa Mtwara walihamishwa kwa kuhofia kimbunga Kenneth, nacho kikaingia kaskazini mwa Msumbiji na kufanya maafa makubwa huko.

Mtu wa barazani akizijumlisha habari hizi tatu atasema watabiri wanatisha watu bure. Hesabu hiyo si sahihi. Vimbunga vyote vitatu vilikuwepo kweli, na onyo lilitolewa kwa ukanda mpana kwa sababu njia ya kimbunga haijulikani kwa uhakika siku tatu kabla. Pemba ipo kama nyuzi 5 tu kusini mwa ikweta, na karibu na ikweta nguvu inayotokana na mzunguko wa dunia, ile inayoufanya upepo uzunguke, ni dhaifu. Ndiyo maana vimbunga huwa nadra sana katika maji haya, ila nadra si kusema haviwezekani. Aprili 15, 1872 kimbunga kilipiga Unguja, kikazamisha vyombo bandarini na kung'oa sehemu kubwa ya mikarafuu. Pemba ilinusurika kwa kiasi kikubwa, na tangu hapo ikawa ndiyo kisiwa cha karafuu. Kwa maneno mengine, utajiri wa karafuu wa Pemba umetokana kwa sehemu na dhoruba iliyopita pembeni. Na tarehe kama hiyo, mwaka 1952, kimbunga kingine kilipiga Lindi. Wakulima wa mikarafuu wanapaswa kujua kwamba mwezi wa Aprili una historia hiyo.

Lakini kwa kawaida hasara ya Makoongwe haitokani na kimbunga. Inatokana na mvua kubwa ya masika, kama zile za Mei 2017 zilizoharibu nyumba, barabara na mashamba Unguja na Pemba. Kwa mvua za namna hiyo swali la mfanyabiashara ni dogo zaidi: je, onyo lililotaja "kisiwa cha Pemba" lilimaanisha Konde, Chake Chake au Makoongwe?

Kituo kikuu cha hali ya hewa cha Pemba kipo uwanja wa ndege, Chake Chake. Milimita zinazosomwa pale ni za pale. Wingu la masika linaweza kumwaga maji upande mmoja wa kisiwa na kuacha upande wa pili na manyunyu. Ikiwa Chake Chake kumepimwa mvua kidogo wakati Makoongwe mitaro imefurika, kumbukumbu za nchi zitasema siku hiyo ilikuwa ya kawaida. Mwaka ujao mtabiri atatumia kumbukumbu hiyohiyo.

Tatizo hili halikuanzia Pemba. Huko Marekani, katika jimbo la Colorado lililo chini ya milima ya Rocky, dhoruba kubwa za theluji huja Machi na Aprili, wakati wenzao wa nchi tambarare wameshaanza kufikiria kupanda. Upepo wa mashariki hubeba unyevu na kuusukuma juu ya milima, na theluji ikaanguka kwa wingi usio wa kawaida. Mahali paitwapo Silver Lake, Aprili 1921, ilianguka theluji ya karibu sentimita 193 kwa saa 24. Ugumu wa kutabiri ni kwamba joto likipungua au kuongezeka kidogo tu, mji mmoja hupata mvua na jirani yake hufunikwa na theluji. Watabiri wa huko wamezoea kukaa chini baada ya dhoruba na kuandika wapi walisema kweli na wapi walikosea.

Cha kujifunza zaidi ni kilichofuata mafuriko ya Julai 1997 katika mji wa Fort Collins, jimbo hilohilo. Upande wa magharibi wa mji, karibu na milima, ilinyesha mvua ya zaidi ya milimita 250. Kilomita chache mashariki mwake ilinyesha chini ya milimita 60. Watu 5 walikufa. Mwaka uliofuata wataalamu walianzisha mpango wa wananchi kupima mvua majumbani kwao kila asubuhi kwa kipimo rahisi cha plastiki. Wakulima, walimu na wastaafu wakajiunga, na mpango huo umeenea nchi nzima. Kilichowapa nguvu hakikuwa mashine za bei kubwa. Ni watu wengi kusoma kipimo saa ileile kila siku na kuandika, hata siku ambayo haikunyesha.

Makoongwe haishindwi na hilo. Kwa wazee wa pwani, kuweka hesabu ya majira si jambo geni. Waliuhesabu mwaka kuanzia Nairuzi, wakaugawa katika miongo ya siku kumi kumi, na kila mwongo ukawa na sifa yake ya upepo, mvua na kazi ya shamba. Ile ilikuwa kumbukumbu ya kichwani. Sasa inatakiwa ya daftari.

Faida yake ionekane kwa shilingi. Tuseme mchuuzi anavusha mzigo wa Sh 600,000, na faida yake kwa safari ni Sh 40,000. Onyo likitolewa mara 11, likakosea mara 10 na kusadifu mara moja, aliyetii atakuwa amekosa Sh 400,000 za siku zile kumi. Aliyepuuza atakuwa amezipata, kisha akapoteza Sh 600,000 kwa siku moja. Kutii kumelipa. Lakini onyo likikosea mara 20 kwa kusadifu moja, hesabu inageuka, maana aliyetii amekosa Sh 800,000. Kwa hiyo mchuuzi hawezi kujua kama anafaidika au la mpaka ajue maonyo yanayogusa Makoongwe yamesadifu mara ngapi. Hakuna mwenye takwimu hiyo ila mkazi wa Makoongwe mwenyewe. (Hesabu hii ni ya mzigo. Upepo mkali ukitangazwa na chombo kina abiria, hakuna kikokotoo cha kufungua. Chombo kibaki ufukweni.)

Mwanamke anayeanika dagaa ana hesabu tofauti. Dagaa wakishachemshwa na kutandazwa, mvua ya nusu saa inatosha kuwaharibu, kwa hiyo hata mvua ya kawaida, isiyopewa onyo lolote, ni hasara kwake. Mkulima wa mpunga naye hajali sana ukubwa wa mvua ya siku moja. Anachotaka ni kujua mvua itaanza lini na kama itakatika baada ya mbegu kuwa ardhini. Mwenye mikarafuu huangalia vuli zaidi, maana ndipo karafuu zinapokuwa kwenye majamvi. Utabiri mmoja hauwezi kuwa mzuri au mbaya kwa wote hawa, na anayesema "utabiri umekosea" aulizwe kwanza umekosea kwa kazi gani.

Kipimo si lazima kisubiri mradi. Kopo lenye kuta zilizonyooka, mdomo na kitako sawa, likiwekwa mahali pa wazi mbali na paa na minazi, maji yake hupimwa kwa rula ya shule na kusomwa kwa milimita. Lisomwe saa 3 asubuhi, ambayo ndiyo saa ya vituo vya TMA, kisha limwagwe. Kwenye daftari ziwekwe safu nne: tarehe, utabiri ulisemaje, kilichonyesha, na hasara au faida iliyopatikana. Safu ya nne ndiyo itakayowafanya wafanyabiashara walipende daftari.

Shule ndiyo mahali pafaapo kuliko nyumba ya mtu, kwa kuwa mwalimu akihama kazi hubaki kwa wanafunzi, ingawa likizo za Aprili huangukia katikati ya masika na lazima apatikane wa kushika zamu. Sheha naye anaweza kuwaita wavuvi, wachuuzi na wakulima kila Juni na kulisoma daftari mbele yao, halafu nakala ikapelekwa ofisi ya TMA Chake Chake. Na TMA, kwa upande wake, ingefanya vyema kila inapotoa mwelekeo wa msimu mpya kuanza na ukurasa mmoja wa msimu uliopita, ukionyesha kwa kila wilaya nini kilitabiriwa na nini kilinyesha. Wilaya ya Mkoani ingekuwa na mstari wake humo, na watu wa Makoongwe wangekuwa na namba za kuulinganisha nao.