NYUMBA YETU: Jiko na meza vishikane na ukuta



Watu wengi kambini wamekwisha kujenga jiko la udongo aina ya lorena. Jina hilo linatoka mbali, Guatemala, ambako jiko hili lilibuniwa baada ya tetemeko la ardhi la mwaka 1976. Ni maneno mawili ya Kihispania: lodo ni tope, arena ni mchanga. Hapa Uganda tunatumia udongo wa kichuguu pamoja na vumbi la mbao au nyasi kavu zilizokatwa.

Sasa malalamiko ni moja: jiko likikauka linajitenga na ukuta. Nyuma kunabaki ufa, saa ingine mkono unaingia. Watu wanasema, "Si kitu, linapika tu." Hapana, ndugu zangu. Ufa huo ni kitu.

Kwanza, ni nyumba ya panya na mende, sababu bugali na maharagi vinaangukia mule. Pili, jiko likipasuka mpaka ndani, moshi unapitia hapo badala ya kupanda kwenye bomba. Shirika la Afya Duniani limekadiria kwamba mwaka 2020 moshi wa ndani ya nyumba uliua watu milioni 3.2 duniani. Tatu ni moto. Kuta zetu nyingi ni miti na udongo. Mti ulio karibu na joto kila siku unakauka, unageuka makala polepole, na wewe kwa nje huoni kitu. Siku cheche ikiingia kwenye ufa, nyumba inaenda.

Ufa unatoka wapi? Udongo mbichi unapokauka unapungua. Ukuta ulikauka zamani, hausogei tena. Kwa hiyo tufanye hivi:

1. Tazama ukuta kwanza. Kama ni wa miti, weka safu ya matofali kati ya ukuta na jiko. Shimo la moto likae mbali na ukuta, angalau shibiri moja (kama sentimeta 20). Pale bomba linapopita karibu na miti au nyasi za paa, lizungushie matofali na udongo.

2. Kwaruza ukuta kwa panga mpaka uwe na mikwaruzo, pangusa vumbi, halafu nyunyizia maji. Udongo mpya haushiki ukuta mkavu wala ukuta laini.

3. Jiko na meza ya kutayarishia chakula vikae juu ya msingi mmoja wa mawe au matofali yaliyoshindiliwa. Ukijenga kila kimoja peke yake, kimoja kitatitia na katikati patapasuka. Kupima usawa, laza chupa yenye maji yasiyojaa: povu likikaa katikati, ni sawa. Meza iinamie mbele kidogo sana, maji yasiende ukutani.

4. Meza iwe sawasawa na mdomo wa jiko. Hapo sufuria nzito inavutwa pembeni, hainyanyuliwi juu ya kichwa cha mtoto. Watoto wengi wanaunguzwa na uji na maharagi wakati mama anatua sufuria chini.

5. Panga vipande vya shina la mgomba mahali pa moto, pa kuni na pa moshi, halafu shindilia udongo kuzunguka, tabaka kwa tabaka. Ukikaza, vitolewe.

6. Ngoja. Wiki mbili mpaka nne bila moto, kulingana na mvua. Wengi wanakosa subira hapa. Ufa wa ukutani utatokea tu, hata kwa fundi mzuri. Usiuzibe mapema, utarudi. Jiko likishakauka kabisa, panua ufa kwa kisu, lowesha, kisha jaza udongo mzito wenye mchanga mwingi na ukandamize kwa kijiti mpaka ndani.

7. Mwisho, pakaa udongo laini na majivu. Pale meza inapokutana na ukuta usiache kona kali. Ipitishie chupa iwe ya mviringo, uchafu usipate pa kukaa na kitambaa kipite vizuri. Juu ya meza ya chakula tusipakae mavi ya ng'ombe.

Baada ya hapo, kila mwisho wa mwezi pitisha mkono nyuma na pembeni ya jiko, likiwa limepoa. Ukikuta ufa mdogo, uzibe siku hiyo hiyo. Kiganja kimoja cha udongo kinatosha, na udongo hatuununui.

Baba, kazi hii si ya mama peke yake. Kuni zinazopotea kwenye jiko bovu, ni mama na binti zako wanaozifuata porini, na njia hiyo ina hatari zake. Shika panga, kwaruza ukuta.

Hadi mwezi ujao, mkae salama.