Randa si chuma chakavu!

Najua nimepotea wiki mbili, majaribio yalinibana kweli kweli. Leo nimerudi na hasira, mnivumilie.

Juzi Jumanne napita nyuma ya karakana yetu, namkuta kijana wa vyuma chakavu anapima mzigo kwenye mizani yake. Nachungulia gunia: patasi nne, msumeno wa mbao, tupa, na randa moja ya chuma. Zote kutu tupu. Eti "zimefutwa, ni mbovu". Zinauzwa kwa kilo, jamani! Nikambembeleza kijana aniachie randa kwa elfu mbili. Ninayekaa naye chumba kimoja kaniona nayo, akacheka mpaka akakaa chini: "Mhandisi mtarajiwa anaokota makopo!"

Haya, cheka. Nikaifungua, vipande vya chuma nikaviloweka kwenye siki usiku kucha. Asubuhi nikasugua kwa brashi ya waya, nikasuuza kwa maji ya magadi kuua ile asidi, nikakausha haraka na kupaka mafuta. Chini ya kutu likatokea neno: Sheffield.

Kunoa ndiko kulikonishinda. Nikaenda kwa mzee mmoja seremala nje ya geti.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Hiyo umeitoa wapi?"

Akanionyesha kosa langu. Nilikuwa nanoa upande wa mshazari tu. Kumbe kwanza mgongo wa kisu uwe bapa kabisa, ndipo uende kwenye mshazari, nyuzi 25 hadi 30 hivi. Saa moja baadaye maranda yanatoka membamba kama karatasi ya sigara. Mzee akaniuliza, "Unaiuza?"

Sasa niambieni, mbovu ilikuwa randa au sisi? Mwaka wa tatu huu, nakokotoa nguvu za mihimili bila shida, lakini kunoa patasi sijui. Tunaita kifaa kibovu kwa sababu hatujui kukitengeneza!

Kuna wanaosema chuma chakavu nacho hakipotei, kinayeyushwa kinakuwa nondo. Kweli, na vile vijana wanakula kwa hiyo kazi, sina ugomvi nao. Ila randa haifiki hata kilo mbili. Ukiiyeyusha unapata kipande cha nondo. Ukiinoa, fundi anasomesha watoto. Wengine wanasema, nunua mpya. Misumeno mingi mipya ya bei rahisi meno yake yamekaushwa kwa moto wa umeme hadi yakawa magumu kama tupa yenyewe. Yakiisha makali huwezi kuyanoa, unatupa. Ule wa kwenye gunia ungenolewa kwa tupa ya pembe tatu miaka na miaka.

Na hili ndilo linaloniuma zaidi. Miaka ya 1980 shirika la Uingereza, Tools for Self Reliance, lilikuwa linakusanya zana zilizotupwa kule, watu wa kujitolea wanazisugua na kuzinoa, halafu zinaletwa Tanzania kwa mafundi wetu. Nawashukuru. Lakini mtu anavuka bahari kutuletea randa iliyofufuliwa, na sisi ya kwetu tunaipima kwa kilo? Aibu hii ni ya nani?

Nimeuliza ofisini, nikajibiwa neno moja: "taratibu". Sawa, ziuzwe kwa taratibu. Ila zana za mkono ziwe fungu lake, mafundi wa hapa mtaani waitwe, na kabla ya hapo tupewe Jumamosi moja tu tuchambue ipi inafufuka. Siki nitanunua mimi.

Randa siuzi. Nimemwachia mzee aitumie mpaka nirudi likizo, naye atanifundisha kunoa msumeno. Yule mcheka-cheka wa chumbani jana kaniuliza, kwa sauti ya chini, kama gunia lingine lipo...

Naomba kutoa hoja.