MFUKO WA ELIMU TUSIUGAWE MAFUNGU

Ndugu wanachama,

Katika mkutano uliopita limetoka shauri kwamba mfuko wa elimu wa ushirika wetu, ule unaotokana na makato ya mauzo ya mwani, usiendelee tena na ujenzi wa banda la skuli. Wenye shauri wanataka kila mwanachama mwenye mtoto apewe fungu lake, akamlipie ada skuli anayoitaka mwenyewe, hata kama ni ya binafsi huko mjini. Wanasema pesa imfuate mtoto. Mie napinga, na sababu zangu ndio hizi.

Shauri lenyewe si geni. Mwaka 1955 mtaalamu wa uchumi wa Marekani, bwana Milton Friedman, aliandika kwamba mzazi apewe hati ya malipo, naye achague skuli. Nchi ya Chile ikaifuata njia hiyo mwaka 1981, wakati wa utawala wa kijeshi wa Pinochet. Kumbe skuli za binafsi zilizopokea pesa ya umma zikawa zinachuja watoto, na baadaye zikatoza wazazi nyongeza. Ndio kusema skuli ndiyo iliyomchagua mtoto, si mzazi aliyeichagua skuli. Mwaka 2015 ndipo ilipopitishwa sheria ya kuyaondoa mambo hayo.

Tusiende mbali. Uganda mwaka 2007 serikali ilianza kuwalipa wenye sekondari za binafsi shilingi 47,000 za kwao kwa kila mwanafunzi, kila muhula. Tusiwaonee, nia ilikuwa njema, kwani sehemu nyingi hazikuwa na sekondari ya serikali. Lakini wazazi wakaendelea kudaiwa michango, na kuanzia 2018 serikali ikaanza kuuacha utaratibu huo.

Na sisi wenyewe je? Mkoloni alikuwa akizipa ruzuku skuli za misheni na za jumuiya za Wahindi pale Mji Mkongwe, na ada juu yake, huku watoto wengi wa shamba wakibaki na jembe. Ndipo tarehe 23 Septemba 1964 Mzee Abeid Amani Karume akatangaza elimu bila malipo. Miaka ya 1990 skuli za binafsi zikarudi, na michango ya wazazi nayo ikaingia, mpaka ilipofutwa kwa skuli za msingi mwaka 2015 na za sekondari mwaka 2018.

Simlaumu mzazi anayempeleka mwanawe mjini. Darasa limejaa, watoto wengine wanakaa chini, na mtoto hangoji, anakua. Lakini hebu tuulizane, fungu hilo litamfaa nani? Litamfaa mwenye ndugu Ng'ambo wa kumweka mtoto, mwenye nauli ya daladala kila siku, mwenye kumudu sare na ada iliyobaki. Bibi anayelea wajukuu watatu kwa mwani atalifanyia nini? Atanunulia mchele, na ana haki.

Jengine, wa mwanzo kuondoa watoto watakuwa wale wanaojua kusema. Leo mwalimu akikosekana, anayekwenda wilayani kuuliza ni nani? Si hao hao? Wakishaondoka, atakwenda nani?

Banda limeshafika linta. Mawe tumeyabeba wenyewe, kina mama ndio zaidi, wanaume wengine tunawajua walikuwa barazani wakicheza bao. Linalokosekana ni bati, milango na madeski. Tukiugawa mfuko sasa, masika itaingia ndani ya kuta zile na miti itaota humo. Na skuli ile si ya watoto peke yao. Mie herufi nimezijulia pale, ukubwani, jioni kwenye kisomo, na wengi mnaousoma ubao huu hali kadhalika.

Anayeona mfuko hauendeshwi sawa na aseme, daftari la mhazini lifunguliwe na kila shilingi isomwe mbele ya mkutano. Hilo naliunga mkono kabisa.

Mkutano ni Jumapili baada ya sala ya laasiri, hapo hapo skuli. Kura ni ya kila mwanachama, wake kwa waume. Fundi wa bati anataka jibu letu kabla ya mvua.

Katibu wa Tawi