Kifundo Kilichoteguka Njiani Marangu
Anayepanda Kilimanjaro na kifundo cha mguu kilichoteguka majuzi hajihatarishi peke yake. Kufika kambi ya Horombo, mita 3,720, huenda akaweza kwa bandeji na fimbo. Mateso yako kwenye kushuka, uzito wote ukitua juu ya kano ambazo hazijapona, huku dawa ya maumivu ikificha onyo la mwili. Akikwama, wagumu, yaani wapagazi, ndio watakaomshusha kwa machela, pengine usiku, juu ya mawe, nao pia wana magoti ya kulinda na watoto wa kulisha. Kwa hiyo mwambie kiongozi wako ukweli kabla hamjavuka lango. Kuishia kambi ya Mandara, mita 2,720, si aibu hata kidogo: msitu wake wenye mbega unastahili safari.