Intaneti Ikizimwa, Utampigia Nani?

Maandamano yakitajwa, swali la kwanza inboksi huwa ni moja: "Hashtegi ni gani?" Sawa. Lakini tuangalie Bangladesh, 2024.

Wanafunzi kule walipinga mgao wa ajira za serikali: asilimia 30 zilitengewa vizazi vya waliopigania uhuru mwaka 1971. Tarehe 16 Julai, mwanafunzi Abu Sayed alisimama mbele ya polisi mjini Rangpur, mikono ameitanua, hana silaha. Wakampiga risasi. Polisi wakaandika kwenye ripoti yao kwamba ni mawe ya waandamanaji. Too late kwao, video ilikuwa imeshaonekana kila mahali. Bila simu ya mtu aliyekuwa pale, uongo ule ungekuwa ndio rekodi.

Serikali ikaelewa simu ni hatari. Wanafunzi wa vyuo vya umma wakatolewa mabwenini, na kufikia usiku wa tarehe 18 intaneti ikazimwa nchi nzima. Data ya simu ilirudi tarehe 28. Siku kumi! Wewe bando likiisha saa moja tu unahangaika. Na ni ndani ya giza hilo watu wengi waliuawa. Umoja wa Mataifa ulikadiria waliokufa kwenye vuguvugu lote huenda wakafika 1,400.

Lakini maandamano hayakuzimika. Wanafunzi wa vyuo vya binafsi walishaingia barabarani kuwapokea wenzao. Walijuana kwa sura, kwa darasa, kwa mtaa. Intaneti iliporudi walikuwa bado wako pamoja. Serikali ilipotangaza maombolezo tarehe 30, wakakataa rangi nyeusi, wakageuza picha zao za Facebook kuwa nyekundu. Tarehe 5 Agosti, Sheikh Hasina akatoroka nchi.

Sisi je? 25 Juni mwaka huo huo, Bunge lilipovamiwa, intaneti iliyumba, ilhali siku moja kabla Mamlaka ya Mawasiliano ilisema haina mpango wa kuizima. Mimi siku hiyo nilikuwa nimezungukwa na watu ninaowajua kwa majina ya akaunti tu. Mmoja angekamatwa, nisingejua hata mamake nimpigie wapi. Bado naona haya.

Kwa hivyo kabla hujaposti chochote wiki hii, chukua kalamu. Andika namba za wenzako watano wa chuoni, ya mzazi wa kila mmoja, na ya wakili. Kwenye karatasi. Nakala moja iache nyumbani.